Ya Uchungu

Kama kunyamaza kungekuwa kazi, binti aliyeketi mbele ya Inspekta Chujio angekwisha kupandishwa cheo mara mbili. Alikuwa mahabusu tangu Jumatatu, na maneno yote aliyoyatoa tangu siku hiyo yangeenea kiganjani. Alikaa mikono mapajani, mtandio umemshuka mabegani, macho kwenye ukucha wa kidole gumba kana kwamba ukucha ule ndio uliokuwa ukihojiwa.

Jina la Chujio alipewa na wenzake kituoni, kwa sababu maelezo ya mtu yakipita mikononi mwake huacha makapi, na yeye hupenda makapi kuliko maelezo yenyewe. Leo hakuwa na cha kuchuja.

Kesi ilionekana nyepesi, na wepesi huo ndio uliomkera. Mke wa muuza maziwa mmoja, mzazi wa wiki tatu, alilalamika kichwa kinampasuka, akatapika, kisha akaanguka jikoni akitetemeka mwili mzima. Nyumba ile ilikuwa na watu wazima watatu tu: huyo mgonjwa, mumewe, na dada wa mumewe, yaani binti huyu asiyesema. Uji wote wa mgonjwa ulipikwa na wifi yake, na maji yote aliletewa na wifi yake. Halafu akajitokeza jirani, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio kwa kuwa hazimwi, akaapa kwamba siku chache kabla ya balaa alimsikia wifi mtu uani akisema kwenye simu: "Nimemtilia ya uchungu. Wacha, atakoma tu."

"Nakuuliza tena," Chujio alisema. "Ulisema hivyo, hukusema?"

"Kaka amesema nini?"

"Kaka yako anasema ulipiga simu kumuuliza atarudi saa ngapi. Basi."

"Kama kaka amesema hivyo, basi ni hivyo."

"Na jirani?"

"Mama Redio hutia chumvi, Afande. Ulizia."

"Ametia kiasi gani hapa?"

Konstebo wa kike aliyesimama mlangoni alibadilisha mguu. Chujio aliegemea kiti, akasubiri, na kusubiri kwake kulijulikana kwa kuwatoa watu jasho. Binti hakutoka jasho. Aliinua uso, akauliza swali lilelile aliloliuliza jana na juzi.

"Afande, mtoto anakula nini?"

"Hapa mimi ndiye ninayeuliza."

Binti akarudi kwenye ukucha wake.

Nje ya chumba Mkuu wa kituo alikuwa akimngoja, funguo za gari mkononi. Alikuwa mtu wa haraka. Hata chai aliinywa amesimama.

"Kesho asubuhi mahakamani," alisema. "Kujaribu kuua. Kikulacho ki nguoni mwako, Chujio."

"Sumu gani, Mkuu? Uji umepimwa, hauna kitu. Matapishi hayana kitu."

"Wifi na wifi nyumba moja. Wewe unataka sumu gani nyingine?"

Askari wawili kaunta wakacheka. Chujio hakucheka. Alichukua kofia yake akaenda hospitali, maana binti yule alikuwa amebakiwa na siku moja tu, na sheria haimwachilii mtu kwa sababu amemwuliza mpelelezi habari za mtoto.

Daktari wa wodi ya wazazi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, kisha akawa anaitafuta mezani. Alimkaribisha Chujio kwenye chumba chake chembamba, kilichokuwa na kitanda cha kupimia, sinki, na kalenda ya mwaka uliopita.

"Sijui ni kitu gani," alianza kabla hajaulizwa. "Ila najua kimefanya nini."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa mtaani."

"Chumvi ya kwenye damu yake imeshuka kupita kiasi. Maji yamezidi, damu imekuwa nyepesi, ubongo umeanza kuvimba. Ndiyo maana alianguka."

"Kwa hiyo alikunywa maji mengi."

"Alikunywa mengi, ndiyo. Mzazi akikosa maziwa, kila anayemtembelea anamwambia anywe maji, anywe uji. Lakini mtu mwenye figo nzima akizidisha maji anakwenda chooni, mambo yanaisha. Huyu hakwenda. Kuna kitu kiliziambia figo zake zishikilie kila tone."

"Sumu?"

"Sumu, au dawa. Ukoo mzima nimeuliza, hakuna anayejua." Daktari alipapasa meza akitafuta miwani. "Iko kichwani," Chujio alimwambia. Aliishusha, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na kuna jambo lingine, Inspekta. Asubuhi chumvi inapanda, anazungumza vizuri, anamtambua mtoto. Jioni inashuka tena, anaweweseka. Jana hivyo. Juzi hivyo."

Chujio aliweka kofia mezani polepole.

"Mtuhumiwa wangu yuko mahabusu."

"Najua."

"Kwa hiyo mtu bado anampa."

"Humu humu wodini kwangu," daktari alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira zaidi kuliko ya hofu. "Usiku wageni hawaruhusiwi. Mchana wanakaa watu wawili tu, mama yake mzazi na mumewe."

Kitanda cha mgonjwa kilikuwa pembeni, karibu na dirisha, na pazia la kijani la kuvuta. Mgonjwa alilala macho nusu, midomo imemkauka. Mama yake, mwanamke mpana mwenye mikono ya kufua na kukanda, alikuwa amempakata mjukuu. Mume wa mgonjwa, yule muuza maziwa, aliketi kwenye stuli, shati jeupe limepigwa pasi, mtu wa sauti ya chini na adabu nyingi. Alisimama kumpisha Chujio kiti. Chujio hakukaa. Alikuwa ameiona chupa ya chai miguuni pa kitanda.

"Humo mna nini?"

"Uji," mama alijibu. "Nimepika mwenyewe."

"Daktari amekataza vinywaji vingi."

"Daktari amekataza! Mtu ananyonyesha, anyonyeshe kwa kiu?"

"Naomba niichukue, Mama. Tuipime."

Mama aliinuka na mjukuu wake mikononi, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza vichwa. "Mnipime mimi? Mnataka kusema nimemlisha mwanangu sumu? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Afande. Wewe ulishawahi kuzaa?"

"Sijajaliwa, Mama."

"Basi nyamaza."

"Mama, tulia," mkwewe alisema kwa upole. "Wanafanya kazi yao." Hapohapo akaifungua ile chupa, akamimina uji kwenye kifuniko, akaunywa wote mbele yao, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Umeona, Afande? Mimi huyu hapa, mzima."

Wengi wangeridhika. Chujio alizidi kuwa na dukuduku. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ameona watu kadhaa wakionja chakula kuthibitisha kwamba hakina kitu, na asiyejua kitu husita kidogo, maana sumu haina mwenyewe. Huyu hakusita hata chembe. Alikunywa kama mtu anayejua fika kwamba ubaya haumo humo. Je, ulikuwa wapi?

Mtoto alianza kulia. Bibi yake akasema, "Haya, babu wee, ngoja," akamweka karibu na mama yake na kuvuta pochi yake. Muuza maziwa akainuka.

"Niko nje kidogo," alisema, akatoka bila kumtazama mtu.

Chujio naye akatoka, kwa heshima, huku pazia likivutwa nyuma yake. Alisikia sauti ndogo mle ndani, pss, pss, pss, kama mtu anayejipulizia manukato. Akajiambia kila mtu na mambo yake, akasonga mbele.

Alifika katikati ya korido ndipo mlango wa chumba cha kujifungulia ulipofunguka, na mkunga mwenye kifua na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili akatoa kichwa.

"Jamani, ya uchungu iko wapi? Chumba cha pili huku nasubiri!"

Chujio alisimama palepale.

"Samahani, dada. Umesema nini?"

"Nimesema ya uchungu. Dripu. Mzazi wangu uchungu umemsimama, na wewe umenisimamia njiani."

"Hiyo ni dawa?"

Mkunga alimtazama juu mpaka chini, sare na nyota. "Oksitosini, Afande. Lakini jina lote hilo mtu atalimaliza saa ngapi, kichwa cha mtoto kinachungulia? Sisi tunaita ya uchungu. Nipishe."

Akampisha. Kisha akarudi kwa daktari karibu mbio, akafunga mlango.

"Hii oksitosini. Nieleze yote."

Daktari alishangaa, ila alieleza. Ni homoni ambayo mwili wa mama huitengeneza wenyewe. Ndiyo hukaza mfuko wa uzazi mtoto atoke, na ikichomwa mara tu baada ya kuzaa huzuia damu isimwagike. "Sindano hiyo imeokoa wanawake wengi kuliko mimi na wenzangu wote. Magazeti yanaipamba, eti homoni ya mapenzi, na wajanja wanawauzia watu mitaani wapulize ili wapendwe. Hayo waachie wenyewe. Kazi yake ninayoijua mimi ni hiyo, pamoja na maziwa. Mtoto akinyonya, ndiyo inayoyasukuma yatoke. Mama yakigoma, mara nyingine tunampa ya kupuliza puani, kidogo, kabla ya kunyonyesha, kwa siku chache."

"Ikizidi?"

Daktari alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Miwani ilimshuka puani.

"Ikizidi inafanana na homoni nyingine, ile ya kubana mkojo," alisema taratibu. "Figo zinadanganyika. Zinashika maji."

Walitazamana.

"Huyu wetu alipewa?"

"Kliniki walimpa kichupa kimoja, kiko kwenye maelezo yake. Nilikiwaza siku ya kwanza, nikakiacha. Ni kidogo mno, na kwa kipimo chetu hakina shida. Kilikwisha kabla hajaanguka, Inspekta. Lazima kiwe kimekwisha."

Chujio alikuwa tayari kwenye korido, daktari nyuma yake. Pss, pss, pss.

"Hodi, Mama."

"Hodi hodi, mtu ananyonyesha!"

"Ulikuwa unapuliza nini?"

Mkono mpana ulitokeza pembeni ya pazia, umeshika kichupa cheupe kisichozidi urefu wa kidole. "Dawa yake ya maziwa. Lebo yenu hiyo, ya hospitali. Nilikitoa kitandani kwake nyumbani siku ile ile tunakuja. Na kina baraka, mwanangu, maana napuliza tangu tumefika na hakiishi."

"Unapuliza mara ngapi?"

"Kila mtoto akilia. Kulia kuna kipimo?"

Chujio alikitikisa. Bado kilikuwa na nusu nzima. Alikifungua, akanusa, na pua yake ikapigwa na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo sandukuni. Akampa daktari.

"Ya kwetu haina harufu hii," daktari alinong'ona.

"Naomba kukiazima, Mama," Chujio alisema.

"Na maziwa ya mtoto?"

"Tutampa ya kopo," daktari alijibu, "mpaka mwanao apone. Sasa atapona." Hakusema zaidi. Yule mama akashukuru, akamfunika binti yake miguu. Chujio alimshukuru daktari moyoni kwa kunyamaza huko, maana kuna ukweli ambao mtu haambiwi huku amepakata mjukuu.

Huko nje aliuliza swali moja la mwisho. Nani mwingine ana dawa hii?

"Hospitalini imefungiwa kwenye friji kwa kufuli," daktari alisema. "Nje ya hapo, wafugaji. Ng'ombe bila ndama huyabana maziwa yake, kwa hiyo wasio na haya wanamchoma hii ayashushe. Inauzwa kwenye vichupa visivyo na lebo. Nguvu yake haijui hata anayeiuza."

Chujio alitazama korido yote. Stuli ya muuza maziwa ilikuwa tupu, na mwenyewe alikuwa kivulini getini, simu sikioni, akizungumza kwa adabu.

Banda la ng'ombe lilikuwa nyuma ya nyumba yao, sakafu ya saruji imeoshwa, madumu ya maziwa yamepinduliwa kukauka. Ng'ombe walikuwa wakubwa na wenye afya. Chujio alipoinua mkono kumpapasa mmoja shingoni, ng'ombe aliruka pembeni na kukanyaga ndoo.

"Hawapendi kuguswa hapo," alisema mkamuaji, mwanaume mwenye uso wa kutotaka mazungumzo.

"Ndama wako wapi?"

"Wameuzwa."

"Wote? Basi wanamshushia nani maziwa?"

"Wanatupenda tu," mkamuaji alisema, kisha akaona kwamba utani umekwama. Alijikuna shingo. "Afande, mimi nakamua. Kuchoma nilikuwa sichomi."

"Anachoma nani?"

"Bosi. Na dada yake siku ambazo bosi hayupo."

Wote wawili, basi. Chujio hakupenda jibu hilo. Alizunguka banda, akafika kwenye lundo la samadi, akaona upande mmoja udongo umechimbuliwa karibuni na kukanyagwa kwa kiatu.

"Hapa?"

"Jumatatu," mkamuaji alisema bila kuulizwa mara mbili. Alikuwa amekwisha kufanya hesabu zake. "Gari lenu limemchukua dada mtu, vumbi halijatulia, bosi akaja na jembe mwenyewe. Bosi ambaye tangu nianze kazi hapa sijamwona ameshika hata fagio."

Walifukua mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na mabomba ya sindano na vichupa vya kioo visivyo na jina, vingine vimevunjika, na harufu ikapanda, ile ile ya sandukuni.

Chujio alipiga magoti pale kwenye samadi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Dawa alikuwa ameipata. Lakini kichupa kilijazwa na mkono wa mtu, na mikono ilikuwa miwili iliyojua njia ya banda hili. Tena aliyejaza angeweza kuwa mjinga tu, na ujinga una adhabu yake ndogo. Alichotaka kujua ni nani aliyekuwa akijua, mchana kutwa, siku baada ya siku, huku mama wa watu akipuliza. Kwa hilo hakuhitaji maabara. Alihitaji vyumba viwili na sentensi moja.

Jioni hiyo muuza maziwa aliitwa kituoni akaja mwenyewe, akakaa kwenye chumba cha kwanza na kuushukuru mkono uliomletea chai. Daktari alikuwa amekwisha kupiga simu: jioni imeingia na chumvi haijashuka. Chujio hakumwambia hilo.

"Nimetoka hospitali," alisema badala yake, na Mungu amsamehe uongo huo. "Nimemwacha mkweo anampulizia mkeo ile dawa ya puani. Anasema ina baraka, haiishi."

Kikombe kilisimama njiani kwenda mdomoni. Kisha kikaendelea na safari yake.

"Ni dawa ya hospitali," muuza maziwa alisema.

"Tumwache aendelee?"

"Mimi si daktari, Afande."

"Wewe ni mumewe."

"Wenyewe wa hospitali wanajua." Alitazama chai. "Wenyewe wanajua."

"Asante," Chujio alisema, akatoka, akauacha mlango wazi.

Chumba cha pili kilikuwa mkabala. Binti aliletwa, akaketishwa, akarudi kwenye ukucha wake. Chujio alisema sentensi ile ile, kwa sauti ile ile, hakuongeza neno.

"Nimetoka hospitali. Nimemwacha mama wa wifi yako anampulizia ile dawa ya puani. Anasema ina baraka, haiishi."

Kiti kilianguka kabla konstebo hajageuka.

"Kichupa kipi?"

"Cheupe. Chenye lebo."

"Aliniambia amekitupa!" Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akaitoa tena. "Afande, piga simu. Piga simu kwanza, mimi nitasema baadaye, nitasema yote, wamnyang'anye yule mama! Si ya hospitali ile, ni ya bandani! Piga simu, jamani, mbona umekaa?"

"Nani alikuambia amekitupa?"

"Kaka! Kaka yangu!"

Ng'ambo ya korido kikombe kiligonga sahani.

"Kimenyang'anywa tangu mchana," Chujio alisema. "Anaendelea vizuri. Amekuulizia. Kaa chini, dada." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Hakukaa. Alisema amesimama, maneno yakimtoka yote kwa mpigo. Maziwa yalikuwa yamegoma, mtoto analia usiku na mchana, kichupa cha kliniki kimekwisha. Kaka akasema, mbona dawa ni ile ile? Ng'ombe wanapewa kila siku na hatujazika hata mmoja. Yeye ndiye aliyevuta kwa bomba akajaza, kwa mkono wake. Wifi akapuliza, maziwa yakaja, wote wakafurahi. Akampigia kaka simu kazini.

"Ukamwambia nimemtilia ya uchungu."

"Ndiyo jina lake. Manesi wote wanaiita hivyo."

"Na atakoma?"

"Atakoma kulia! Mtoto! Nani mwingine alikuwa akilia nyumba ile, Afande?"

Chujio aliinamisha kichwa. Herufi moja, a, isiyosema ni mama au ni mtoto, ilikuwa imemlaza mtu sakafuni siku zote hizo, na yeye mwenye sifa ya kuchuja maneno alikuwa ameimeza na makapi yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Mlipokuja kunichukua aliniambia sikioni, kichupa nimekitupa, wifi yako atapona, wewe nyamaza tu. Watu wakijua tunachoma ng'ombe, hakuna atakayenunua maziwa yetu tena. Nyamaza, nitakutoa." Alipangusa pua kwa mtandio. "Amenilea, Afande. Mama anafariki mimi nabebwa mgongoni. Ningemtajaje?"

"Hakukitupa. Alikikuta kimeshaingia kwenye pochi ya mkwewe, na kukiomba ingekuwa kujisema."

Binti alilitafakari hilo. Alilitafakari taratibu, na Chujio alitamani asilimalize.

"Kwa hiyo alikuwa akiona."

"Kila kilipotolewa, alikuwa akitoka nje."

"Dada," sauti ya adabu iliita kutoka ng'ambo ya korido. Askari alikuwa amekwisha kusimama mlangoni kwake. "Dada, nilidhani ni kidogo tu. Niliogopa. Mwambie Afande mimi sikutaka..."

Hakugeuka. Aliinua kiti kilichoanguka, akakiweka sawa, akakikalia.

"Andika kwamba mimi ndiye niliyejaza," alimwambia Chujio. "Hilo ni langu. Mengine mwambie ayaseme mwenyewe."

"Nitaandika."

"Afande, mtoto anakula nini?"

Safari hii Chujio alijibu.

"Maziwa ya kopo."

"Si ya kwetu?"

"Si ya kwenu."

Ndipo binti, ambaye hakuwa amelia tangu Jumatatu, akaweka kichwa juu ya meza akalia.